Simu ya Ruiru

Ilianza siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Madam Wairimu alipoingia chumbani kwetu Thika bila kubisha, akaweka mkoba wake juu ya kibodi yangu na kumuuliza Gathoni, "Niambie ukweli. Simu yenu ya Ruiru ndiyo mgonjwa, ama ni yule mama niliyemweka hapo?" Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango. Palikuwa mahali pangu kwa sababu mtu akiingia mlango ulinificha, na kwa sekunde chache ningeweza kumtazama kabla hajajua nipo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangojea kwenda chuo, na Gathoni alikuwa amekubali nimsaidie kazi ya simu za ofisi. Shuleni kuna mwalimu aliyenifundisha Kemia miaka miwili na bado akaniita "wewe wa dirishani." Sasa kazi ambayo nilikuwa nimepewa, kazi ya kwanza maishani mwangu, ilikuwa kupigia watu nisiowajua simu na kuwauliza kama wananisikia.

Najua miaka kumi na tisa si umri wa mtu kuandika kumbukumbu. Lakini wiki jana Gathoni alifunga kile chumba. Amepata kazi mbali, na mimi nilienda kumsaidia kutia nyaya kwenye magunia. Mama Trevor, ndiye yule mama wa simu, alitoka Ruiru akaja na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa, tukala watatu tukiwa tumekaa sakafuni kwa maana viti vilikuwa vimeshaenda. Hatukuongea sana. Gathoni alikuwa akitafuna anaangalia ukuta, pale ambapo meza ilikuwa imelinda rangi isichakae, na mimi nikaogopa. Niliogopa kwamba nisipoandika sasa nitakuja kukumbuka mambo yaliyotokea lakini nisahau jinsi nilivyoshangaa. Mimi huandika kila siku kabla ya kulala, tangu kidato cha pili, na daftari za mwaka ule ninazo. Zimejaa nilichokula na nani alisema nini. Kushangaa hakumo. Sijui kwa nini. Labda mtu akiwa ndani ya kitu hawezi kukiona.

Chumba kilikuwa juu ya duka la mikate, kwa hivyo ikifika saa nne tulikuwa tunasikia njaa hata kama tumetoka kula. Kulikuwa na meza mbili, birika la umeme, simu za mezani kama ishirini zilizovuliwa vifuniko, na dirisha lililoangalia nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, ambacho kilitupa vumbi jeupe juu ya kila kitu. Gathoni alifuta kompyuta kila asubuhi na khanga yake ya zamani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, anayebandika kalamu kwenye nywele na kuisahau hadi anazo tatu. Wateja wake walikuwa ofisi ndogo ndogo: makao makuu Thika, wafanyakazi wametawanyika Ruiru, Membley, Juja, wengine nyumbani kwao kwenye meza ya kulia chakula. Kila mmoja alikuwa na simu ya mezani iliyofanana na simu yoyote, ila hizi hazikuwa na waya wa simu. Zilikuwa na waya wa intaneti.

Wiki ya kwanza nilimuuliza Gathoni sauti inapita vipi. Alikuwa anakula githeri kwenye kopo, akaacha kijiko hewani. "Ukisema hallo," akasema, "simu inaikatakata hiyo hallo. Vipande hamsini kwa kila sekunde. Kila kipande kinaandikwa anwani ya kinakoenda, halafu kinatupwa nje. Upande ule vinaunganishwa tena kabla sikio halijajua kulikuwa na mchezo." Nikauliza, na wale watu wengine walio kwenye mtandao, hawawezi kudaka vipande? "Ndiyo maana tuna VPN. Ni njia ya faragha iliyochimbwa ndani ya barabara ya kila mtu. Unapita katikati ya watu na hawakuoni." Akarudi kwa githeri yake. Mimi sikula tena. Usiku ule nilijilaza nikasema "hallo" polepole kwenye giza, nikijaribu kuhesabu vipande, mpaka dada yangu akaniuliza kama nahitaji kuombewa.

Sikuwa na habari kwamba watu huacha dunia nzima iingie kwenye simu. Mwaka ule nilisikia nyumba za watu bila kuziona. Kuna bwana mmoja wa bima aliyefanya kazi nyumbani kwake Membley, simu yake ilikuwa inakatika kila akifika dakika ya kumi na tano, na kila nikimpigia kumjaribu nilisikia sufuria inapiga kelele na mkewe akisema nyuma, "Waulize hao wa simu kama wamekula!" Kuna dada wa mauzo aliyekuwa akiimba akidhani nimemweka kungoja. Nilisikia majogoo, watoto wakisoma herufi, mvua ikianza kwa mtu wakati kwetu jua linawaka. Mimi ambaye sikuweza kusalimia watu kanisani nikiwa peke yangu, nilikuwa nimekaa kwenye masikio yao, na hawakunionea ajabu. Gathoni aliniambia nina kipaji. Nilidhani ananidhihaki. Akasema, "Sikudhihaki. Watu wengi wakipiga simu ya majaribio wanaongea. Wewe unasikiliza."

Sasa Madam Wairimu. Alikuwa na kampuni inayopeleka wauguzi kwa wagonjwa nyumbani. Ofisi kuu ilikuwa Thika, mtaa wa pili kutoka kwetu, na ndani yake kulikuwa na swichi, ile mashine inayogawa simu. Lakini dawati la kupokea simu lilikuwa Ruiru, Gatongora, kwa sababu wauguzi wengi waliishi huko. Dawati lenyewe lilikuwa mtu mmoja, Nekesa, ambaye kila mtu alimwita Mama Trevor. "Wateja wanapiga," Madam akasema, bado amesimama. "Simu inashikwa. Halafu kimya. Mtu amenyamaza tu kwa simu. Jana amekuja msichana kutoka Theta, baba yake alipooza upande mmoja, amesimama pale kwangu analia. Ananiambia, 'Huyo mtu wenu ananisikiliza nikilia na hasemi kitu.' Gathoni, ungemjibu nini?"

"Umemuuliza Mama Trevor?"

"Anasema aliongea. Kila mara ni hiyo tu, 'Niliongea, madam.' Na nyinyi mnaniambia simu ni nzima."

"Simu ni nzima," Gathoni akasema, na nikaona hakufurahia kusema hivyo. "Tumeipima mara nyingi."

"Basi. Ijumaa anaenda nyumbani. Kama ni mashine, niambieni kabla ya Ijumaa." Akachukua mkoba wake. Ndipo akaniona nyuma ya mlango. "Ngai! Na huyu amekuwa hapa saa hizi zote?"

Siku ile nilipigia Ruiru hadi nikajua pumzi ya Mama Trevor. Alikuwa na sauti nene, ya polepole, ya mtu wa Bungoma aliyekaa sana na Wakikuyu. "Unanisikia?" nikauliza. "Nakusikia vizuri sana, mami. Hata nasikia ukimeza mate. Unaogopa nini?" Nikacheka, mimi, kwa simu. Asubuhi ilikuwa safi. Mchana safi. Gathoni aliangalia kompyuta yake, mistari ikapanda na kushuka, akatikisa kichwa. Jioni akachukua simu mwenyewe. Gathoni alikuwa na desturi yake: hakumwuliza mtu habari za simu. Alimwuliza siku. "Mama Trevor, usiniambie mambo ya simu. Niambie siku yako. Ukifika unafanya nini?" Tukaiweka kwenye spika. Mama Trevor akasimulia: anafagia, anaombea dawati, anachemsha chai, anaandikia wauguzi zamu, saa saba anakula, saa tisa jua linaingia anahamisha kiti. "Na stima ikipotea?" Gathoni akauliza. Kukawa na kakimya kadogo. "Ikipotea tunangoja tu irudi," Mama Trevor akasema. Gathoni akamshukuru, akakata, akabandika kalamu kwenye nywele. "Hapo kuna kitu amemeza," akasema. "Kesho utaenda ukae naye. Usirekebishe chochote. Kaa tu."

Ofisi ya Ruiru ilikuwa chumba kimoja katika mstari wa maduka, upande mmoja saluni na upande mwingine agrovet, duka la dawa za mifugo na mbegu. Ilikuwa na pazia la maua, dawati, simu, kalenda ya kanisa na kiti cha mgeni ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Mama Trevor alikuwa mkubwa kuliko sauti yake. Alinikumbatia kabla sijajitambulisha. "Kumbe ni kasichana kadogo hivi! Kwa simu nilidhani ni mtu wa benki." Mimi nilikuwa na laptopu ya Gathoni kwenye begi na sikujua niiweke wapi, nikaishika mapajani kama mtoto wa mtu. Simu zikaingia. Nilimwangalia akifanya kazi, na hapo ndipo nilianza kuona aibu kwa niaba ya Madam Wairimu. Alijua wagonjwa kwa majina ya watoto wao. Alijua nani husema "ni kidogo tu" na maana yake ni mbio. Saa saba tukala ugali na omena zake kwenye sahani moja, na Njeri wa agrovet, msichana mwenye koti jeupe lenye madoa ya dawa, akaja kuomba chumvi, akaketi, akakaa.

"Huyu ndiye wa kunifuta kazi," Mama Trevor akamwambia, akinionyesha kwa tonge.

"Wacha! Huyu hata hawezi kufuta ubao."

Nilicheka mpaka omena ikapita njia mbaya. Halafu nikaona kwamba Mama Trevor hacheki. Alikuwa anakunja na kukunjua ukingo wa kitambaa cha meza. "Trevor anaingia kidato cha kwanza," akasema, si kwangu wala si kwa Njeri. "Lakini si hiyo inayoniuma. Kuambiwa nimenyamazia mtu anayelia. Hiyo ndiyo."

Stima ilipotea mchana ule ule. Feni ya saluni ilizimika kwanza, halafu redio ya mtu, halafu taa ndogo ya kijani kwenye simu. Mama Trevor aliangalia simu, akaniangalia mimi. Nikaona anabishana na kitu ndani yake. "Shiru," akasema, "utaona kitu. Sitaki kukuambia udanganye. Lakini Njeri ana mwajiri mkali." Akainuka, akavuta pazia la maua, na hapo ukutani chini ya dirisha kulikuwa na tundu, na kwenye tundu kulikuwa na waya wa umeme na waya wa intaneti zimekunjwa vizuri kama nywele za kusukwa. Agrovet ilikuwa na betri na sola kwa ajili ya friji ya chanjo za kuku. Kule stima haikupotea kamwe. Stima ikienda, Njeri alimpa Mama Trevor ncha ya waya. Mama Trevor alimpa Njeri chai. Hivyo tu. Mwajiri wa Njeri hakujua, Madam Wairimu hakujua, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kutuambia. Mama Trevor alichomeka nyaya zote mbili kwenye simu. Taa ikarudi. VPN ya simu ile ilikuwa ndani ya simu yenyewe. Popote ungeichomeka ingejitafutia njia ya Thika, na ikaipata. "Si unaona?" akasema kwa fahari. "Mgonjwa hajui mambo ya stima."

Ikalia karibu mara moja. Akashika. "Hallo, habari ya mchana, nikusaidie?" Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia upande ule: sauti ya mwanaume, "Hallo? Hallo?" Mama Trevor akasema, "Nakusikia, baba, sema." "Hallo! Wee, hawa watu wameshika tena wamenyamaza." Ikakatika. Mama Trevor akashusha simu taratibu. "Ni hivyo," akasema. "Si nimeongea? Si umenisikia?"

Nilikuwa nimemsikia. Nilikuwa nimekaa pale, goti langu limegusa goti lake, nimesikia kila neno likitoka mdomoni mwake na kuingia kwenye simu, na mtu wa upande wa pili hakupata hata moja. Sijui kueleza vizuri. Ni kama kuona mtu anamwaga maji kwenye glasi na glasi inabaki kavu. Nilitaka kumpigia Gathoni saa hiyo hiyo, lakini kumwambia Gathoni ilikuwa ni kutaja ule waya, na waya ulikuwa wa Njeri. Nilikaa kidogo. Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya: niliinuka nikaingia dukani kwa mtu peke yangu, na kuongea wa kwanza. "Njeri," nikasema, "nikisema habari ya waya, utafutwa. Nisiposema, Mama Trevor atafutwa. Sijui nifanye nini." Njeri alikuwa anapima chakula cha kuku. Aliendelea kumwaga hadi mzani ukatulia. "Aki wewe," akasema. "Umenipatia mtihani na sijasoma." Akafunga mfuko. "Sema. Mdosi wangu nitamwambia mimi, kabla asikie kwa mtu. Akinifukuza, Mama Trevor atanilisha."

Gathoni aliposikia kwenye simu yangu alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyejikwaa. "Waya kwa tundu," akasema. "Sawa. Fungua laptopu. Omba Njeri neno la siri la mtandao wake." Akaniongoza hadi nikafungua ukurasa wa ile simu na nikaona kitufe cha kuifanya ijirekodi yenyewe, kila kipande kinachoingia na kila kinachotoka. Nikabonyeza. "Sasa nitapiga mimi," akasema Gathoni. Lakini kabla hajapiga simu ikalia, na alikuwa ni yule msichana wa Theta.

Mama Trevor alimjua kwa pumzi tu. "Ni Ciku," akaniambia, mkono juu ya simu, kisha akauondoa. Ciku alikuwa anasema baba ameanguka kutoka kitandani, anakoroma, hamjibu. Mama Trevor akasema, "Nakusikia, Ciku. Mgeuze kwa ubavu. Usimpe maji." Ciku akasema, "Hallo? Mko hapo?" Mama Trevor alijua. Alishajua kabisa kwamba hasikiki. Nilimwona kwenye uso. Akaandika kwenye kipande cha karatasi, akanisukumia: *Mpigie Sista Moraa, namba iko ukutani, mwambie Theta kwa Ciku, mbio.* Na huku ananisukumia, hakuacha kuongea. "Niko na wewe. Mgeuze kwa ubavu, mshike kichwa. Moraa anakuja." "Tafadhali," Ciku akalia, "tafadhali mtu aseme kitu." "Nasema, mama. Nasema." Mimi nilimpigia Moraa, nikamwambia kwa sauti ambayo sikuitambua, na Moraa hakuuliza mimi ni nani, nilisikia pikipiki ikiwashwa. Ciku alipokata tulimpigia kwa simu yangu ya mkono. Yake ilikuwa inatumika, bila shaka anapigia ndugu zake. Tukapiga tena na tena. Mama Trevor alifuta uso kwa kitambaa cha meza. Nikamuuliza, kwa nini uliendelea kuongea na ulijua hakusikii? Akaniangalia kama vile nimeuliza kwa nini mtu hupumua. "Nikinyamaza," akasema, "itakuwa kweli wanavyosema."

Moraa alipiga kabla jua halijageuka. Amefika, mzee anapumua, gari la hospitali limeitwa. Hapo ndipo niliweza kuweka vidude vya masikio na kusikiliza kile simu ilichokuwa imejirekodi. Gathoni alinielekeza kwa simu jinsi ya kutenganisha sauti: mstari wa juu sauti iliyoingia, mstari wa chini sauti iliyotoka. Nikasikiliza wa chini. Ilikuwa ni Mama Trevor, safi, bila mkwaruzo, akisema *niko na wewe, mgeuze kwa ubavu.* Sauti ilikuwa imetoka. Ilikuwa imekatwa vipande, imeandikwa anwani, imetumwa. Nilikuwa nasikiliza kitu ambacho hakuna sikio lililokuwa limewahi kukipokea upande wa pili, na kilikuwa kizima. Nimewahi kusimama mbele ya maporomoko ya maji. Nimewahi kumshika mtoto wa siku moja. Sijawahi kuhisi udogo kama nilivyohisi kwenye kile kiti cha mguu mfupi.

"Soma anwani ya vinakoenda vile vipande," Gathoni akasema. Nikamsomea: mia moja tisini na mbili, mia moja sitini na nane, moja, kumi. Kisha nikamsikia akipiga paji la uso. "Hiyo ni namba ya swichi yetu hapa Thika. Shiru, uliza Njeri kama kuna kitu kwake chenye namba hiyo." Nilitembea na laptopu ndani ya agrovet, nikiangalia orodha ya vitu vilivyo kwenye mtandao wa Njeri: simu yake, mashine ya risiti, na kumi. Kumi ilikuwa kamera. Ilikuwa nyuma ya duka, imefungwa kwa kamba juu ya boksi lenye balbu ya moto, na ndani ya boksi kulikuwa na vifaranga wa siku moja, wa manjano, wamelala mmoja juu ya mwingine. Mwajiri wa Njeri huwaangalia kutoka nyumbani wasife kwa baridi kabla hawajauzwa. Nikainua macho kwenye ile kamera. Siku zote stima ilipopotea, *pole mama, nesi yuko njiani, usilie*, yote yalikuwa yanapita kwenye tundu la ukuta na kufika hapa. Kamera haikujua la kufanya nayo, ikayadondosha.

"Ati vifaranga wangu wamekuwa na nesi wao?" Njeri akasema nyuma yangu. "Ndiyo maana hawafi!"

Jioni, Thika, Gathoni alimweleza Madam Wairimu hivi, na nimewahi kujaribu kueleza vizuri zaidi nikashindwa: "Thika kuna nyumba namba kumi. Ruiru, kwa jirani, pia kuna nyumba namba kumi. Swichi yetu iliambia simu, nitumie sauti namba kumi. Simu ikiwa kwa mtandao wake wa kawaida haina namba kumi karibu, kwa hivyo inapitia VPN mpaka kwetu. Ikichomekwa kwa jirani inaiona namba kumi hapo hapo mlangoni. Kwa nini itembee hadi Thika? Sauti ya mpigaji inaingia kwa Mama Trevor sawa. Yake inaishia kwa jirani. Na mimi ndiye niliyeiambia swichi ijitambulishe kwa hiyo namba. Nilipaswa kuipa anwani ya ile njia ya faragha, ambayo hakuna jirani anayo. Kosa ni langu, madam. Si la mama." Alisema hivyo wima, bila kushika kalamu. Nilijua kampuni ile ilikuwa mteja wake mkubwa.

Gathoni akanitazama. Nilimpa Madam vidude vya masikio, nikabonyeza mstari wa chini peke yake. Mama Trevor alikuwa amekubali, alisema, "Wacha asikie, maana nimechoka kumwambia." Niliangalia uso wa Madam Wairimu wakati anasikiliza. Mwanzoni alikuwa na uso wa mtu anayekagua. Halafu mkono wake ukapanda ukashika meza. Mkate ulikuwa unatolewa kwenye tanuri chini yetu, harufu ikajaa chumba, na hakuna aliyesogea. Ilipoisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Kisha akavua vidude, akavuta simu ya mezani ya Gathoni kwake, na akapiga Ruiru. Stima ilikuwa imerudi huko, lakini Gathoni alikuwa amemwomba Mama Trevor aache waya wa Njeri palepale, na alikuwa ameshaibadilisha swichi. Simu ikalia mara mbili.

"Hallo, habari ya jioni, nikusaidie?"

Ikasikika. Kutoka kwenye tundu la ukuta, kando ya vifaranga, hadi Thika juu ya mikate, ikasikika hadi kule kuvuta pumzi. Madam Wairimu alifungua mdomo na akakosa neno. "Hallo?" Mama Trevor akasema. "Nakusikia unapumua. Usiogope, sema."

"Ni mimi," Madam akasema. "Nekesa, ni mimi. Nimekusikia." Na baada ya muda, "Keti. Usiende popote. Ijumaa njoo kazini kama kawaida." Alikuwa anafuta macho na ule upande wa mkono usio na saa. Mimi niligeukia dirisha, nikaangalia vumbi la kinu.

Sikulala sana. Asubuhi iliyofuata nilifika chumbani kabla ya Gathoni, nikafungua dirisha, nikafuta kompyuta zote mbili, na nikapiga simu. Hakuna aliyenituma. Ciku alishika akiwa hospitali. Nilisikia magurudumu ya kitanda na mtu akiitwa jina. Nilimwambia mimi ni wa upande wa simu za wauguzi, nikamuuliza baba. Amefungua macho, akasema, amenywa uji. Kisha akaniuliza swali ambalo alikuwa amekesha nalo. "Yule nesi alikuja haraka sana. Nani alimwambia? Mimi nilipiga, mtu akashika, akanyamaza."

"Hakunyamaza," nikasema. "Alikuwa anaongea na wewe wakati wote. Ni sauti yake iliyopotea njiani."

Nilimngojea, kungojea nilikuwa najua.

"Alikuwa anasema nini?" akauliza.

Nikamwambia, kuanzia mwanzo, neno kwa neno.